Bakuli la kauri limevunjika na mkono mmoja umesagika: linatengenezeka hapa Lubumbashi?

Mama wa Katuba
Ndugu mafundi, bakuli langu la sukari, la kauri, lenye mikono miwili, limeanguka sakafuni. Vipande vinne vikubwa ninavyo vyote, lakini mkono mmoja umesagika kabisa. Je, ninaweza kulirudisha mezani bila kuagiza kitu ng'ambo?

Fundi wa Ruashi
Mama, pole. Vioshe vipande kwa maji ya moto na sabuni, vikauke, kisha uvipange kwanza bila gundi, kwa maana ukikosea mpangilio, kipande cha mwisho kitakataa kuingia. Epoksi, ile gundi ya mirija miwili, hushika kauri vizuri. Wajapani hujaza ufa kwa lakiri ya mti wa urushi na kuupamba kwa unga wa dhahabu, kazi iitwayo kintsugi. Sisi wa mji wa shaba tunaweza kutia unga wa shaba katika epoksi, lakini kwa nje tu. Baada ya hapo, sukari ikae ndani ya pakiti yake, isiguse gundi.

Mwanafunzi wa Kampemba
Mkono uliobaki ndio kielelezo chako, Mama. Upake poda ya watoto, kwa sababu mng'ao wa kauri huidanganya kamera, kisha uzunguke ukipiga picha kama 50 kwa simu, kila moja ikirudia sehemu ya iliyotangulia. Weka rula kando, maana picha peke yake hazijui sentimita. Programu ya kompyuta huzigeuza picha hizo kuwa umbo la pande tatu, na Blender, programu nyingine ya bure, hulipindua umbo hilo lifae upande wa pili. Anayemiliki printa ya 3D, mashine inayojenga vitu tabaka kwa tabaka, atakuchapia mkono wa plastiki ya PLA.

Fundi wa Ruashi
PLA hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, chai ya moto ikimwagika itapinda. Mimi ningeubonyeza mkono huo kwenye mchanga wa kusubia, nimimine shaba iliyoyeyushwa, baada ya kuukuza kwa takriban asilimia 2, kwani shaba hunywea ikipoa.

Mwanafunzi wa Kampemba
Baba fundi, shaba ina uzito wa takriban mara saba ya plastiki hiyo. Mshono wa gundi utaweza kuubeba?

Fundi wa Ruashi
Kwa kunyanyuliwa kila siku, hapana. Kwa pambo la kabatini, ndiyo.

Mama wa Katuba
Basi nichapiwe wa plastiki, na bakuli tulinyanyue kwa kushika kitako. Poda ninayo, rula nitaazima kwa mtoto.