Kwa nini rubani wa MiG-21 alivuka mstari wa Kashmir?

Swali: Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi kuhusu mapigano ya angani kati ya India na Pakistan ya tarehe 27 Februari 2019. Abhinandan Varthaman, rubani wa India aliyerusha ndege ya kivita ya MiG-21 Bison, aliwafukuza wapinzani hadi ng'ambo ya Mstari wa Udhibiti, unaogawa Kashmir kati ya India na Pakistan, akatunguliwa na kukamatwa. Je, aliamua vibaya?

Jibu: Ndugu, mimi simlaumu. Ndege za Pakistan zilikuja kujibu shambulio la anga la India huko Balakot, Pakistan, la siku iliyotangulia, naye akapaa upesi kuzizuia. Rubani akigeuka mapema anawaachia wapinzani anga, na akisonga mbele anaingia katika masafa ya AMRAAM, makombora ya kupiga ndege angani yanayobebwa na ndege za kivita za F-16 za Pakistan, ambayo hatua ya mwisho hujiongoza kwa rada yake yenyewe, hivyo aliyeyarusha huweza kugeuka na kuondoka salama.

Jibu: Nakubaliana nawe, ila mawasiliano yasisahauliwe. Iliripotiwa kwamba waongozaji wa ardhini walimwamuru arudi, lakini redio yake ilikuwa imevurugwa. India inashikilia kwamba aliangusha F-16, Pakistan inakanusha. Kinachoniuma zaidi ni helikopta ya Mi-17 iliyotunguliwa asubuhi hiyo karibu na Budgam, upande wa Kashmir ulio chini ya India, kwa kombora la India yenyewe, wakafa wanajeshi 6 waliokuwamo na raia mmoja aliyekuwa chini.

Muuliza swali: Nashukuru sana. Basi swali langu lingepaswa kuelekezwa kwanza kwenye vyumba vya uongozaji, si kwa rubani.