Mrejesho: tangi la dizeli lililokuwa likiliwa chini

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa: kwa nini tangi la dizeli la jenereta linaliwa sakafuni tu, na filta inaziba kwa ute mweusi? Mlisema ni bakteria wanaoishi kwenye maji yaliyotuama chini ya mafuta. Ndivyo ilivyo. Valvu ya chini ilitoa maji yanayonuka yai viza, na juu yake utando mweusi unaovutika kama kamasi. (Harufu hiyo ni ya gesi yenye sumu, msiinuse makusudi.)

Kosa lilikuwa kutia dawa ya kuua vijidudu kwanza. Vijidudu vilikufa, tope likapanda, filta tatu zikaziba siku moja. Toa maji yote, pima gesi kabla mtu hajaingia, kwangua hadi chuma king'ae, ndipo utie dawa kwa kipimo cha lebo.

Chini ya tope kulikuwa na vishimo vyenye kina cha milimita 2 kwenye bati lenye unene wa milimita 5.

Sasa maji yanatolewa kila Jumatatu. Kibati cha chuma kilichopimwa uzito kinaning'inia ndani ya tangi karibu na sakafu kwa siku 90, ili uzito unaopungua uonyeshe chuma kinaliwa kiasi gani. Kikitolewa, kikaguliwe kwa lenzi pia: kishimo chembamba hutoboa tangi huku uzito ukipungua kidogo mno.