Kikopo cha bati au kipochi cha turubai: kipi kibebe vifaa vya dharura?

Kijana_wa_Area_D: Wakuu, naandaa vifaa vidogo vya dharura vya kutembea navyo kila siku. Julai pia tunakwenda kupiga kambi Kolo, Kondoa, huku huku mkoani Dodoma, kule kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nimebaki na njia mbili: kikopo cha bati chenye mfuniko, au kipochi cha turubai cha kuvaa mkandani. Usafiri ni pikipiki.

Fundi_Majengo: Bati, mkuu. Halipondeki wala halitobolewi na miiba, na ukizungushia utepe kwenye ukingo, vumbi halipenyi. Mfuniko ukiusugua ndani unarusha mwanga wa jua kumwonyesha mtu ulipo. Kiberiti, sindano na uzi, plasta, kibanio cha kutolea miiba ya migunga, vyote vinaenea.

MamaNeema: Kaka, safari yote hiyo na bati mfukoni, paja litakoma. Kesho yake utaliacha nyumbani. Chukua kipochi. Blanketi la foili linakunjika humo, na usiku wa Julai huku una baridi. Weka na pakiti ya ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini), moja kwa lita moja ya maji.

Nesi_Mstaafu: Wanangu, mnabishania chombo na maji hamjayagusa. Kuanzia Mei hadi Novemba ni kiangazi; korongo unalolitegemea utalikuta mchanga mtupu. Vidonge vya klorini vinavyouzwa madukani vingi ni vya ndoo ya lita 20. Kwenye chupa ya lita moja ni vikali mno, na huwezi kukigawa kimoja vipande 20. Soma pakiti, tafuta vya ujazo mdogo, au chemsha: Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yakitokota sawasawa dakika moja inatosha. Ya tope yachuje kwanza kwa kitambaa, maana tope linamaliza nguvu ya klorini. Yakiwa ya chumvi, kidonge hakitoi chumvi. Bebeni maji.

Tena, kama kuna wembe wa kuchanjia aliyeumwa na nyoka, utoeni. Hatuchanji, hatunyonyi, hatufungi kamba ya kukaza. Atulizwe, asitembezwe, awahishwe hospitali.

Mzee_wa_Hombolo: Filimbi msiisahau. Mipulizo mitatu, pumzika, rudia. Ukipotea kwenye miamba, koo linakauka mapema, filimbi haikauki. Na kiberiti cha gesi kisiachwe juani, kinaweza kupasuka.

Fundi_Majengo: Kwa pikipiki nakubali, kipochi. Ila njiti za kiberiti ziwe kwenye kitu kigumu, zikilowa jasho haziwaki.

Kijana_wa_Area_D: Shikamoo mama Nesi, asante sana. Nachukua kipochi, Fundi, kikopo kitabaki cha njiti tu, ndani ya begi. Sasa kabla ya kupakia chochote nafunga dumu la lita 20 kwenye keria. MamaNeema, hilo blanketi la foili umelipata duka gani hapa mjini?