Anjiografia safi lakini kifua bado kinabana, mishipa midogo inapimwaje?

Tunu_K: Wakuu habari za jioni. Mama yangu ana miaka 58, mgonjwa wa presha, akipanda ngazi kifua kinambana, kafanyiwa anjiografia (picha ya mishipa ya moyo) tukaambiwa mishipa misafi kabisa, apunguze mawazo. Toka siku ile hasemi tena akiumwa, namuona tu anasimama katikati ya ngazi anajifanya anafunga kilemba upya. Nimesikia kuna mishipa midogo ambayo haionekani, ni kweli? Inapimwaje?

Fundi Katheta: Pole sana dada, na wala si mawazo. Mishipa ya chini ya nusu milimita haionekani kwenye anjiografia hata picha iwe nzuri vipi, kwahiyo kinachopimwa ni damu inavyopita. Tunapitisha ndani ya mshipa wa moyo kiwaya chembamba chenye kihisio cha presha na joto, tunasukuma maji ya chumvi mililita 3, yana ubaridi kuliko damu, kompyuta inahesabu yametumia muda gani kufika kwenye kihisio. Mara 3 mgonjwa katulia, mara 3 tena akiwa kwenye adenosini inayotanua mishipa. Damu isipoongezeka hata mara 2 hapo kuna shida. Halafu kuna IMR, namba ya ukinzani wa mishipa midogo: presha ya kwenye ncha ya waya unazidisha na ule muda wa akiwa kwenye adenosini, ikifika 25 mishipa midogo inakaza damu isipite vizuri.

MamaZai: Mie nilipimwa huku Uingereza. Adenosini ikiingia uso unawaka na kifua kinakuwa kizito, nikashika mkono wa nesi kwa nguvu, wakaifunga, dakika chache nikawa sawa. Ila mara ya kwanza nilirudishwa nyumbani kisa kikombe cha chai asubuhi, kafeini inaizuia adenosini kufanya kazi!!

Fundi Katheta: Kweli kabisa. Na dada, mkienda ombeni kipimo kwa jina lake, IMR, watu wanaogopa kuuliza. Glasgow kule Uskoti waliwafuatilia wagonjwa 151 wa aina ya mama, majibu yakatoka 2018, waliotibiwa kwa kufuata vipimo hivi maumivu yalipungua kuliko wenzao. Pasipo na huo waya kuna PET, yenyewe inapiga picha kwa dawa ya mionzi na inaonyesha damu kiasi gani inaifikia nyama ya moyo kila dakika.

Tunu_K: Asanteni mno, nimemsomea yote kalia kidogo. Anauliza chai ya tangawizi tupu je?

Fundi Katheta: Shikamoo yake mama. Tangawizi tupu haina kafeini, aache majani ya chai, kahawa, kola na chokoleti saa 24 kabla.