Mjadala: Timu za afya kwenye eneo la vita ziende na askari?

Mwanzisha mada: Wakuu, hoja hii inanikereketa tangu mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ulitangazwa Agosti 2018, ukatangazwa kwisha Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Chanjo ilikuwepo na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Kwa nini basi ulidumu karibu miaka miwili? Jibu langu ni bunduki, na sisemi za waasi peke yake.

Jiwekeni kwenye nafasi ya mtu wa Beni, mji wa Kivu Kaskazini. Tangu 2014 watu wanachinjwa vijijini, wanalia kuomba ulinzi, hawaupati. Siku jirani anaposhikwa na homa, yanafika magari, wageni na askari wa kuwasindikiza. Kumbe askari wapo! Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na mji jirani wa Butembo ukasogezwa hadi Machi, Ebola ikitajwa kama sababu mojawapo, na rais akaapishwa Januari bila kura zao. Waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola. Wanaoita huo ujinga wa wanakijiji hawajawasikiliza.

Februari 2019 vituo vya Ebola vya shirika la Madaktari Wasio na Mipaka vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya wiki moja, shirika likaondoa watu wake. Msimamo wangu: askari asikanyage ua wa mgonjwa wala zahanati. Fedha za misafara wapewe wauguzi wa palepale, wanaojulikana na watu. Nipingeni.

Mchangiaji wa kwanza: Unarahisisha mno, mkuu. Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa Aprili 2019 akiwa kikaoni ndani ya hospitali Butembo. Hakuwa ameingia ua wa mtu. Hata sheria ya vita inalijua hili: Itifaki ya 1977 inayoongezea Mikataba ya Geneva haisemi kwamba hospitali inapoteza kinga kwa kuwa na walinzi mlangoni. Wewe unataka tabibu aende mikono mitupu, kisha akiuawa tutoe tamko la kulaani.

Mchangiaji wa pili: Mnabishana kuhusu askari, mimi nauliza kuhusu ugonjwa wenyewe. Kipindi hichohicho surua iliua zaidi ya watu 6,000 Kongo nzima, kwa hesabu ya kufikia Januari 2020. Mama aliyezika mtoto kwa surua au malaria, akiona utajiri wote ule umeelekezwa kwa homa moja, lazima ashuku. Ndiyo maana watu walisema "biashara ya Ebola". Ondoeni askari wote, shaka hiyo itabaki palepale kama zahanati haina dawa ya malaria.

Mwanzisha mada: La dawa nakubali, na lilipaswa kuwa kwenye hoja yangu. La mlinzi wa lango nalo nakubali, maana halinigusi: mlinzi wa lango anangoja, msafara unamfuata mtu kwake. Lakini mchangiaji wa kwanza, unamfikiria mgeni tu. Muuguzi wa zahanati hana ndege ya kumwondoa. Wenye silaha wanajua nyumba anayolala. Akionekana leo juu ya gari la jeshi, timu ikiondoka yeye anabaki na jina la usaliti. Kwa hiyo yeye na wazee wa mtaa ndio waulizwe kwanza kama askari waje. Wakikataa, msafara ugeuze.

Mchangiaji wa kwanza: Wakikataa, na mgonjwa ameshapanda basi? Julai 2019 Ebola ilifika Goma namna hiyo. Mji ule una watu zaidi ya milioni na uko mpakani na Rwanda. Wazee wa mtaa mmoja wanawaamulia na hao?

Mchangiaji wa pili: Na askari angemkamata vipi ndani ya basi? Aliyemtambua Goma alikuwa mhudumu wa afya.