Benki imeninyima mkopo kwa sababu ya viza, na mkopo wenyewe ni wa kulipia viza. Nifanyeje?

Mchumi_Mpole (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Niko Uingereza. Nilimaliza shahada ya uzamili hapa na sasa nafanya kazi kwa viza ya wahitimu, ile ya miaka miwili isiyoongezwa. Mwajiri wangu amekubali kunidhamini nihamie viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Mpaka hapo namshukuru Mungu. Shida ni hela. Ukiacha ada ya viza yenyewe, kuna tozo ya afya: pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na unailipa yote kwa mkupuo siku unayotuma maombi. Miaka mitatu ni pauni 3,105, na ada bado hujaigusa. Akiba ninayo ila haifiki.

Nikaona niende benki yangu, niliyofungua akaunti tangu nikiwa mwanafunzi. Mshahara unapita humo, kodi ya nyumba inatoka humo humo, sijawahi kuchelewesha hata bili ya simu. Nikaomba pauni 4,500, nirejeshe kwa miaka mitatu. Programu ikanijibu palepale kwamba sijakidhi vigezo vyao kwa sasa. Vigezo gani, haisemi. Nikapiga simu, nikasikilizishwa muziki weee, mwishowe nikaambiwa niende tawini. Tawini kijana akasema mikopo siku hizi haiamuliwi tawini, nipige simu.

Nikagoma kuondoka. Akafungua faili langu, akaniomba kadi ya ukaazi. Nikamweleza kuwa kadi zile ziliisha muda mwishoni mwa 2024, sasa viza zetu ziko mtandaoni, nikampa namba ya kuiangalia. Akaikodolea macho, akaenda kumwita msimamizi. Yule mama akaifungua vizuri tu, akateremka mpaka kwenye tarehe ya mwisho, akanigeuzia skrini. "Viza imebakiza miezi, wewe unataka miaka mitatu. Mfumo haukubali." Nikamwambia mkopo ndio wa kuirefusha hiyo viza. Akanijibu kwa upole kabisa: "Basi ukishaipata hiyo ndefu, rudi."

Jioni ile ile benki hiyo hiyo ikanitumia tangazo: unawaza kufanya jambo kubwa mwaka huu? Kopa nasi!

Nimejaribu na wakopeshaji wengine wa mtandaoni, jibu ni lile lile. Je, niendelee na benki nyingine? Nitafute mdhamini? Au kuna mlango mwingine nisioujua? Naombeni ushauri wenu, nawasilisha.

Kambi_Popote

Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, yangu inaisha mwakani na sina hata hiyo akiba.

Hesabu_Kali

Kabla ya lolote, acha kutuma maombi. Leo hii. Kila ombi kamili linaacha alama kwenye faili lako la mikopo na wakopeshaji wengine wanaiona kwa muda wa mwaka hivi. Ukiwa na alama nyingi ndani ya muda mfupi unaonekana umebanwa, na aliyebanwa hakopeshwi. Wengi wana ukaguzi mwepesi unaokuonyesha uwezekano wa kukubaliwa bila wengine kuuona. Tumia huo tu.

Halafu chukua ripoti zako kutoka Experian, Equifax na TransUnion, mashirika yanayotunza historia za mikopo za watu. Zote tatu, kwa sababu benki moja inaweza kuwa inatazama shirika ambalo halina habari zako kabisa. Kisheria ni bure, usikubali kuuziwa kifurushi cha kila mwezi. Kagua majina kwanza. Sisi wa majina matatu mara nyingi benki imeandika mawili, kampuni ya simu imeandika matatu, na mtu mmoja anageuka watu wawili wasio na historia.

Na je, umejiandikisha kupiga kura?

Mchumi_Mpole

Kupiga kura? Mimi ni Mtanzania mkuu, sina uraia wa huku.

Hesabu_Kali

Ndiyo maana nimeuliza, wengi hawajui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kwa kibali halali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, hata za ubunge. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, wote tumo. Wakopeshaji hutumia daftari la wapiga kura kuhakikisha kwamba kweli unaishi unakosema unaishi. Ni fomu ya dakika chache mtandaoni.

Mwana_wa_Kivu

Sisi Wakongo tunaambulia patupu kama kawaida 😂

Hesabu_Kali

@Mwana_wa_Kivu si patupu kabisa. Asiye na haki ya kujiandikisha anaweza kuyatumia hayo mashirika uthibitisho wa anwani na kuwaomba waweke maelezo kwenye faili. Haina nguvu sawa lakini inasaidia.

Bibi_Mikataba

Hesabu_Kali kasema kweli tupu, ila tusimpoteze mdogo wetu. Someni tena alichoandika. Historia yake ya mikopo haijalalamikiwa na mtu. Ameonyeshwa tarehe ya viza. Angekuwa na faili safi kuliko la mfalme, mkopo wa miaka mitatu kwenye viza ya miezi michache bado ungekataliwa. Benki nyingi za hapa hazitaki rejesho la mwisho lidondoke baada ya kibali cha kuishi kuisha, kwa hofu kwamba utapanda ndege na kuwaachia deni. Ni uonevu? Kwa mtu mwenye mkataba wa kazi mkononi, mimi naona ni uvivu wa kufikiri. Ila ndivyo walivyouweka mfumo, na yule mama wa tawini hawezi kuubadilisha hata akikuhurumia.

Kwa hiyo kuzunguka benki nyingine ni kugonga ukuta ule ule kwenye tofali jingine. Tafuta mtu ambaye tarehe ya viza yako haimtishi. Mtu huyo unaye tayari: mwajiri wako. Yeye ndiye anayeandika cheti cha udhamini, yeye ndiye anayejua utakuwepo.

Andika kwa afisa utumishi, uliza mambo mawili. La kwanza, kampuni italipa nini. Ada ya cheti cha udhamini na tozo ya ujuzi, ile serikali inayomtoza mwajiri kwa kudhamini mgeni, ni mzigo wa mwajiri, haruhusiwi kukusukumia wewe. Ada ya viza na tozo ya afya kisheria ni zako, lakini waajiri wengi huzilipa, zote au nusu, ukiwauliza. Wasiouliza hawalipiwi. La pili, zinazobaki waombe wakukopeshe bila riba wakate kwenye mshahara. Mkopo wa namna hiyo usiozidi pauni 10,000 hauleti kodi ya ziada, kwa hiyo mhasibu wao hana sababu ya kuogopa makaratasi.

Mchumi_Mpole

Shikamoo dada Bibi_Mikataba. Nilidhani ni aibu kumwomba mtu aliyekupa kazi akupe na mkopo. Ni kampuni ndogo, nahofia wasije wakaniona mzigo wakaghairi udhamini.

Bibi_Mikataba

Marahaba. Kampuni ikikubali kudhamini imeshakubali kutoa hela kwa ajili yako, tena si kidogo. Hawatashtuka kusikia na wewe una gharama.

Mtu_wa_Fursa

Mkuu njoo faragha nikuunganishe na jamaa, anatoa mpaka pauni 8,000 haangalii viza wala alama. Unalipia tu bima kidogo mwanzoni, siku hiyo hiyo unapata mzigo.

Hesabu_Kali

Haya, wameshafika. Mleta uzi, yeyote anayetaka umlipe kwanza ndipo akukopeshe, iwe anaita bima, ada ya faili au amana, ni tapeli. Mkopeshaji halali yumo kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha huku, na unaweza kumtafuta mwenyewe kwa jina, kisha piga namba iliyo kwenye rejista, usipige aliyokupa yeye. @Mtu_wa_Fursa weka jina la kampuni hapa hadharani tulitafute pamoja.

Kambi_Popote

Kimyaaa 😅

Salama_wa_Leeds

Nami niongeze moja. Dada usikimbilie mikopo ya mpaka siku ya mshahara kwa sababu tu inakukubali haraka. Sheria tangu 2015 imeweka kikomo, riba na ada zisizidi asilimia 0.8 kwa siku, na jumla ya gharama zote isizidi kiasi ulichokopa. Watu husikia "kikomo" wakadhani ni nafuu. Maana yake ukikopa 1,000 ukakwama, unaweza kudaiwa mpaka 2,000.

Bora chama cha akiba na mikopo. Vipo huku kama SACCOS za kwetu, vingine ni vya wakazi wa eneo fulani, vingine vya wafanyakazi wa sekta fulani. Riba yao ina ukomo wa asilimia 3 kwa mwezi kwa deni lililobaki, kwa hiyo nayo si sadaka, lakini unaongea na mtu. Mimi nilikaa mbele ya mama mmoja, akasoma mkataba wangu wa kazi ukurasa kwa ukurasa, akauliza mwajiri ameshapewa leseni ya kudhamini au bado, ndipo akaandika. Walinipa kidogo, si chote nilichoomba.

Na ile asilimia inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo ya mikopo, jua kwamba inatosha asilimia 51 tu ya waliokubaliwa kuipata. Waliobaki wanaweza kupewa ya juu zaidi. Wageni wasio na historia wako kundi gani, mnajua wenyewe.

Mzoefu_wa_Foleni

Mimi ningewashtaki. Kupigwa danadana kati ya simu na tawi, kuombwa kadi ambayo serikali yenyewe imeifuta! Andika malalamiko rasmi. Benki ina wiki nane za kukupa jibu la mwisho. Usiporidhika unakwenda Financial Ombudsman Service, yaani msuluhishi wa malalamiko ya wateja wa benki, ndani ya miezi sita tangu jibu hilo, bure, huhitaji wakili.

Bibi_Mikataba

Alalamike, sawa, hasa kuhusu hiyo kadi. Pia ana haki ya kutaka uamuzi uliofanywa na mashine uangaliwe upya na binadamu, na kuambiwa taarifa zake zilitoka shirika gani. Ila asiweke matumaini ya viza hapo. Msuluhishi anaweza kusema hukutendewa vizuri, pengine ukalipwa kifuta jasho. Kuilazimisha benki ikukopeshe si rahisi. Na wiki nane kwake ni nyingi.

Hesabu_Kali

Kuna njia nyingine hamjaigusa. Tozo ya afya inafuata urefu wa viza. Mwajiri akitoa cheti cha mwaka mmoja badala ya mitatu, siku ya maombi unalipa 1,035 badala ya 3,105. Huenda akiba yako ikatosha bila kumkopa mtu.

Salama_wa_Leeds

@Hesabu_Kali naipinga hiyo. Mwakani atalipa tena ada ya viza upya, na akienda benki atakutana na yule mama yule yule na viza fupi ile ile. Labda kama hana namna kabisa.

Hesabu_Kali

Nakubali ni ghali kwa jumla. Ila ghali ya mwakani na kukosa viza mwaka huu si kitu kimoja.

Mwana_wa_Kivu

Mleta uzi, tuma maombi kabla viza ya sasa haijaisha, hata ikibaki siku chache. Ukituma kwa wakati, haki zako za sasa zinaendelea mpaka wakujibu. Na wakikataa, tozo ya afya inarudishwa, ada ya viza hairudi.

Mchumi_Mpole

Wakuu nimerudi. Nilimwandikia afisa utumishi kama alivyosema dada Bibi_Mikataba. Kajibu leo. Kampuni italipa ada ya viza yote. Tozo ya afya watanilipia ya miaka mitatu, nusu wanaibeba wao, nusu wanakata kwenye mshahara kwa miezi kumi na minane, hakuna riba. Nimebaki mdomo wazi.

Ila kuna kipengele: nikiacha kazi kabla ya miaka miwili narudisha kila walicholipa "kuhusiana na udhamini", chote kwa pamoja. Nisaini?

Bibi_Mikataba

Hongera. Usisaini leo.

"Kuhusiana na udhamini" ni pana mno, inaweza kubeba na zile ada ambazo hawaruhusiwi kukudai. Waombe waziandike kwa majina: ada ya viza na tozo ya afya, basi. Pili, deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi, ukiondoka mwezi wa ishirini usidaiwe kama uliyeondoka wa pili. Tatu, waandike kwamba wakikupunguza wao kazini hudaiwi kitu. Hayo ni maombi ya kawaida, hawatakushangaa.

Mchumi_Mpole

Nimeyanakili yote matatu, nayatuma kesho asubuhi. Lile la kupunguzwa kazini sikuwa nimeliwaza kabisa.

Kambi_Popote

Dada, hiyo barua uliyomwandikia afisa utumishi, ukifuta majina unaweza kuibandika hapa? Tupo wengi.