Mada: Mwaliko wa Pistahan, San Francisco

Kutoka: Mama Mapacha, Daly City

Habari za wikendi wapendwa, na shikamooni wakubwa.

Kazini kwangu, nyumba ya wazee, zamu ya usiku karibu yote ni Wafilipino. Msimamizi wetu, ambaye sote tunamwita Ate, yaani dada mkubwa, ametualika mimi na wanangu kwenye Pistahan, ile sherehe yao ya Agosti pale Yerba Buena Gardens. Binti yake anacheza ngoma. Nimekubali kabla sijafikiri. Je, niende mikono mitupu? Watoto hawali nguruwe, watakula nini? Na gari niliegeshe wapi?

Kutoka: Baba Nasra, Oakland

Gari liache nyumbani. Panda treni ya BART, shuka kituo cha Powell, umalizie kwa miguu. Kiingilio hakuna. Gwaride la Market Street ni Jumamosi, wahi. Na neno Agosti lisikudanganye: mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na shati la mikono mifupi, ukungu ukanikuta, nikaishia kununua sweta la watalii kwa bei ya watalii.

Kuhusu chakula, lechon huwezi kukosea, ni nguruwe mzima aliyebanikwa. Za kuangalia ni lumpia, kama sambusa zilizoviringishwa, maana nyama yake mara nyingi ni hiyohiyo. Zile tambi, pancit, pia uliza. Kariri swali moja: "May baboy ba ito?" Baboy ni nguruwe. Sisi nyumbani hukimbilia bibingka, mkate wa kumimina kabisa, unga wa mchele na tui, umeokwa juu ya jani la mgomba. Watoto wape halo-halo: barafu, maziwa, maharage matamu na kiazi kikuu cha zambarau. Wangu walinitia aibu kwa kurudia mara tatu.

Kutoka: Kijana wa Fremont

Samahani wakubwa. Sisi tukiitisha mkutano wanakuja watu 12, na mmoja kati yao amekosea mlango. Halafu tunapangana kwenda kujaza sherehe ya wenzetu?

Kutoka: Bi Mkubwa, Hayward

Mwanangu, nenda ndiyo ukaone wanavyojazana.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Magellan, yule baharia Mreno, alitoka Ureno mwaka 1505 katika msafara wa Almeida, ule ulioiteka Kilwa kisha ukachoma mji wetu. Mwaka 1521 akafika kisiwa cha Mactan, huko Ufilipino, watu wa chifu Lapu-Lapu wakammaliza. Karibu na hapo Yerba Buena kuna mtaa unaitwa Lapu Lapu. Kila nikipita natoa shukrani.

Mama Mapacha, mikono mitupu hapana. Pika visheti, kaimati zitakumwagia shira ndani ya treni. Na watoto wafundishe mapema: mzee akinyoosha mkono, wauchukue, wauguse kwenye paji la uso, waseme "mano po". Hiyo ndiyo shikamoo yao, na "po" ndiyo heshima yenyewe. Kushukuru ni "salamat po", na hiyo salamat asili yake ni Kiarabu, ndugu wa salama yetu.

Usiondoke kabla ya singkil, ngoma ya Wamaranao, Waislamu wenzetu wa Ziwa Lanao kule Mindanao. Wana safu ya upatu mdogomdogo unaoitwa kulintang. Ukifumba macho utadhani uko arusini Lamu. Ukikaribishwa balut, yai la bata lenye kifaranga ndani, unaruhusiwa kusema umeshiba.

Kutoka: Mama Mapacha, Daly City

Tumerudi. Visheti viliisha kabla gwaride halijafika. Wanangu wamewapa mano po wazee wote, na mlinzi wa geti pia. Kwenye tinikling, ile ya kuruka katikati ya mianzi miwili inayogonganishwa, Kulwa aliingia bila kuitwa, amerudi na kifundo cha mguu kimevimba na furaha tele.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni maboksi. Ate ananiambia wanatuma nyumbani boksi la balikbayan: unalipia ukubwa wa boksi, uzito hawapimi, unajaza mpaka linalia, linapelekwa kwa meli hadi mlangoni kwa mama yake. Mimi mzigo wangu wa Tanga ulipimwa kwa kilo, ukakaa miezi mitano. Kijana wa Fremont, wewe uko bandarini Oakland, hebu nieleweshe.

Kutoka: Kijana wa Fremont

Shikamoo Mama. Kwenye meli, mizigo ya namna yetu kinachouzwa hasa ni nafasi, kilo baadaye. Wenzetu ni wengi, kontena linajaa upesi, kwa hiyo kila boksi linabeba gharama kidogo. Na serikali yao imewalegezea: sheria ya forodha ya 2016 inawaruhusu Wafilipino walio ughaibuni kutuma bila ushuru vitu vya hadi peso 150,000, mara tatu kwa mwaka. Sisi ushuru unatungoja bandarini.

La ushuru siliwezi. La kontena tunaliweza, tukishirikiana la futi 20 na kuwa na orodha safi ya kila kitu kilichomo. Nimeshapima gereji yangu, maboksi yatakaa. Anayetuma Dar au Tanga aniandikie urefu, upana na kimo cha boksi lake kabla ya Ijumaa. Mpaka sasa yako manne, na matatu ni ya Bi Mkubwa.